Kikosi cha ngoma za gwaride mtaani kwetu Kisauni, Mombasa: shajara ya miezi tisa

Watu watatu wa mitaa mingine wameniuliza tulianzaje, na kila ninapowaeleza nasahau kuwatajia ile ya moto. Basi yote nimeyaweka hapa, pamoja na bei. Mimi kazi yangu ni kuuza vifaa vya ujenzi dukani. Ngoma niliyoijua ni ya kugonga meza. Anayejua ni jirani yangu, mstaafu wa bendi ya jeshi, ambaye mtaa mzima humwita Afande, hata mkewe.

Jumamosi, 11 Januari 2025

Wamekuja watoto 31. Ngoma: sifuri. Walikuwa wameona kwenye simu vikosi vya Marekani, vile ambavyo vimekuwa na mashindano yao ya taifa tangu 1972, na kila mmoja alishajichagulia snea yake, ile ngoma ya gwaride yenye nyaya chini. Bei ya snea zile sitaitaja, isije ikamkatisha mtu tamaa.

Afande amekataa kabisa tutafute ngoma kwanza. Amesema mikono kwanza. Kwa hiyo nimenunua plaiwudi moja, nikaikata vibao 24 vya futi moja kwa moja, na juu ya kila kibao tukabandika kipande cha tyubu kuukuu ya lori kwa gundi ya viatu. Plaiwudi 2,300, gundi 450, tyubu bure. Kibao hicho hakimsumbui jirani na kinamrudishia mtoto mkwiro wake (kijiti cha kupigia) kama ngozi ya kweli. Ukianza, anza hapa.

Jumamosi, 22 Februari

Mikwiro imetuchukua wiki sita, nami nilidhani itachukua siku mbili.

Jozi 12 za kwanza fundi alizikereza kwa mvinje, kwa kuwa mvinje ndio uliokuwa karakanani. Shilingi 80 kila jozi. Mvinje ni mzito, na ukigongagonga unapasuka kwa urefu, si kwa upana. Mtoto haoni mpaka kibanzi kimemwingia kiganjani. Siku ya tatu tuliziondoa zote. 960 zimekwenda.

Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akikata mpera uani kwake. Watoto wa pwani wanaujua mpera kwa manati: haukatiki ovyo. Tulikausha matawi kivulini wiki tatu (juani yanapinda), fundi akakereza jozi 26 kwa shilingi 100 kila jozi. Bado zinapigwa mpaka leo.

Kuzipanga jozi ni kazi yenyewe. Kwanza nauviringisha mkwiro juu ya kioo cha kaunta. Ukirukaruka umepinda, weka kando. Kisha naupima kwenye mizani ya misumari. Tofauti ikizidi gramu tano, hao si ndugu. Mwisho naugonga sakafuni karibu na sikio. Miwili ikitoa sauti moja naifunga kwa raba. Mteja mmoja aliniona nikisikiliza kijiti akaondoka bila kununua.

Siku hiyohiyo tumepata snea nne za mitumba kwa 26,000. Mbili zilikuwa na ngozi zilizotoboka, nikaongeza ngozi mbili za plastiki za inchi 14, jumla 2,800. Tazama nyaya za chini kabla ya kulipa. Zetu zilikuwa na kutu, na hewa ya chumvi ya hapa haisamehe. Sasa kila Ijumaa mtoto mmoja anazipangusa na kupaka mafuta ya mgando kidogo, kidogo sana, maana yakizidi snea inakohoa.

Halafu kuna jambo la jina. Ngoma za sauti ya kati tulikuwa tukiziita tena (tenor), kama wanavyosema watu wa bendi. Afande akitaka turudie anapaza sauti: “Tena!” Wale wawili wa tena wanapiga peke yao, wengine wamesimama wanawatazama. Tulivumilia siku mbili. Sasa zinaitwa chapuo, kama katika chakacha, ile ngoma ya arusi za pwani, na amani imerudi.

Jumamosi, 22 Machi

Ramadhani. Hakuna ngoma mtaani, vibao tu, nusu saa baada ya alasiri, tukiwa chini ya mwembe. Nilihofia watoto watapotea. Kweli tumebaki 19, lakini hao 19 mikono yao imenyooka kuliko mwezi mzima wa Februari, kwa sababu hakuna kelele ya kujifichia.

Kanuni za mikono ziko nyingi: Wamarekani walizikusanya 26 mwaka wa 1933, na kufikia 1984 orodha ikawa 40. Afande anasema mtoto akizishika tano sawasawa anatosha kutoka mtaani. Ile ya kulia-kushoto-kulia-kulia, kisha kushoto-kulia-kushoto-kushoto, iliwashinda mpaka tukaipa neno: kachumbari. “Ka” mkono huu, “chu” mkono ule, “mba-ri” unarudi mkono wa kwanza mara mbili, na kachumbari ya pili inaanza na mkono mwingine. Wameishika kwa siku moja.

Nikajiona mwalimu. Nikataka na gwaride nilipatie neno.

Tatizo lilikuwa hili. Afande anafundisha mapigo ya nne, ya kijeshi. Mikono ya watoto wetu, ukiiacha dakika moja, inakwenda chakacha, na chakacha inatembea kwa sita, mguu ukitua mara mbili. Afande alisema hiyo si gwaride, ni kiuno. Nikamwambia sita inatembeka vizuri kabisa, tujaribu. Nikawapa “viazi karai”: vi-a-zi ka-ra-i, silabi sita. Mguu wa kushoto kwenye “vi”, wa kulia kwenye “ka”.

Mstari mzima ukachechemea. Walionekana kama watu wanaotembea na mwiba mguuni. Tulirudia na kurudia, nikawalaumu watoto, Afande akanilaumu mimi. Binti mmoja wa miaka kumi alikuwa akitembea peke yake kando ya ukuta, naye hakuchechemea. Nikamuuliza afanyaje. Akasema, “Ami, mimi mguu nauweka kwenye a. Viaaazi, karaaai.”

Ndivyo tunavyosema. Uzito wa neno kwetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: viAzi, kaRAi. Mimi nilikuwa nimeweka mguu mahali pepesi na sauti ikawa inavuta kwingine. “Vi” inatangulia, mguu ungali hewani. Mguu unatua kwenye “a”, wa pili kwenye “ra”. Ukitaka kuamini, jaribu ukienda jikoni. Kuanzia siku hiyo mstari ulinyooka, na Afande amekubali kwa sharti kwamba kiuno kibaki nyumbani. Hakijabaki.

Bibi yake yule binti alikuja kututazama, akakaa kwenye kibao chake cha mbuzi, akasema, “Hii ni beni tu, wanangu. Mwaivumbua nini?” Ana haki. Beni ilianza pwani hii miaka ya 1890, jina lenyewe likitokana na bendi, na watu wakivaa mavazi ya kijeshi, wakijipa vyeo na kushindana mtaa kwa mtaa kwa ngoma na tarumbeta. Sisi tulikwenda kuitafuta kwenye simu.

Jumamosi, 26 Aprili

Leo tumefanya kosa ambalo pesa haziliondoi.

Tulikuwa uwanjani na snea nne, saa kumi na robo, baada ya kusali. Tumepiga kama dakika kumi. Akaja mama mmoja na kanga mbili, hakupaza sauti. Nikamwamkia, akaitikia. Akasema: “Mwanangu, maiti hajatoka ndani. Nyumba ya tatu hapo.” Akageuka akaenda zake.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Watoto wenyewe walizikumbatia ngoma ili zisigongane wakati wa kubeba. Jioni tulikwenda mimi na Afande, tukatoa pole na ubani. Hawakutukemea, na hilo lilikuwa zito kuliko kukemewa.

Tangu leo kuna zamu. Kabla ya mkwiro wa kwanza kuinuliwa, mtoto mmoja na mzazi mmoja wanazunguka mitaa minne wakiuliza: kuna msiba, kuna mgonjwa, kuna arusi, kuna mtihani? Ikiwa kuna lolote, ni vibao. Na saa kumi na mbili kasoro robo ngoma zote ziko chini, magharibi isitukute.

Mei yote mvua. Vibao, barazani kwangu. Sina la kuandika.

Jumamosi, 14 Juni

Tumeanza kutengeneza besi, zile ngoma kubwa za sauti nzito. Za kununua hatuziwezi, lakini mapipa ya plastiki ya buluu, ya lita 200, yanapatikana, na upana wake unakaribia besi ya inchi 22. Matatu kwa 1,800 kila moja. Kabla ya kukata uliza lilibeba nini. Letu moja lilibeba sabuni ya maji na bado likitoka jasho linatoa povu. Tumeyakata vipande vya sentimita 35, pande zote mbili wazi.

Ngozi tulizipata kwa sababu ya Idd ya kuchinja. Wiki ya kwanza ya Juni mtaa ulijaa ngozi za mbuzi ambazo hakuna aliyezitaka. Tukazichukua sita, tukazilaza kwenye majivu na maji siku tatu, tukakwangua manyoya, tukazivika kwenye pete za nondo na kuzivuta kwa kamba. Nondo, kuchomelea na kamba: 3,600. Zilipokauka zilitoa sauti ambayo sijaisikia tena tangu siku ile. Afande alifumba macho.

Jumamosi, 5 Julai

Ile ya moto.

Usiku kulinyesha manyunyu ya kusi, na asubuhi besi zote tatu zilikuwa zimelegea. Ukipiga, badala ya “dum” inatoka “bwe”. Ngozi ya mnyama inakunywa hewa, na hewa ya Mombasa mwezi huu ni maji matupu.

Mzee mmoja wa Kwale, mpigaji wa sengenya, ngoma ya Wadigo, alikuwa akipita. Akatuambia ngoma ikilegea huoteshwa moto. Yeye na msondo wake, ile ngoma ndefu, hufanya hivyo kila mara kabla ya kuanza. Ushauri sahihi kabisa. Vijana wakakusanya makumbi na makuti makavu, moto ukawaka, wakailaza besi ya kwanza upande. Mimi nilikuwa nikiongea kwa simu na mteja wa saruji.

Msondo wa mzee ni wa mti. Besi yetu ni pipa.

Kwanza ngozi ilikaza, na mtoto akaipiga, na ikalia vizuri, wote wakashangilia. Halafu ukingo wa pipa ukaanza kung’aa kama uliopakwa samli. Kisha ukalegea pole pole, pete ya nondo ikateremka upande mmoja, ngozi ikafanya mikunjo, na harufu ikatoka ambayo ilimtoa jirani nje. Mdogo wao akanivuta shati: “Ami, ngoma yayeyuka.” Tulipoimwagia maji ilikuwa na umbo la sufuria iliyokanyagwa na lori. Mzee wa sengenya aliitazama akasema tu, “Kumbe si mti,” akaendelea na safari yake.

1,800 nyingine kwa pipa jipya. Mbili zilizobaki tulijaribu kuzianika juu ya bati. Jua likiwaka, dakika ishirini zinatosha. Julai jua haliwaki kwa miadi.

Jumamosi, 19 Julai

Ngozi za ngoma za plastiki zilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1950, na sababu kubwa ilikuwa hiihii yetu: ngozi ya ndama ilikuwa ikiharibika na hali ya hewa. Kwa upana wa besi hatuwezi kuzinunua. Lakini mafundi wanaoshona maturubai ya lori wana mabaki. Shilingi 700 kwa vipande vya kutosha pande zote sita.

Jaribio la kwanza lilishindwa: tulivuta kwa bolti nne, turubai likakaza kwenye pembe na kulegea katikati, kama kitanda cha kamba. Jaribio la pili ndilo la kuiga. Kata duara linalozidi pipa kwa sentimita 12. Likunje juu ya pete ya nondo na ulishone kwa uzi wa nyavu. Tumia bolti nane kila upande, zile za ndoano za kufungia mabati kwenye vyuma. 48 zilikuwa 1,200. Mwagia turubai maji moto lilainike, ndipo ukaze, na ukaze kama nati za tairi: moja hapa, inayofuata upande wa pili. Likipoa linajikaza lenyewe. Ndani tumebandika kipande cha leso kuukuu ili sauti isivume kupita kiasi.

Sauti si ile ya mbuzi. Afande hafumbi macho. Lakini mvua imenyesha mara tatu na bado ni “dum”. Besi moja ina nusu ya namba ya simu ya mwenye lori wa zamani, na vijana wamekataa isipakwe rangi.

Jumamosi, 9 Agosti

Gwaride la kwanza mtaani. Chifu tulimwarifu, mzee wa mtaa tulimwarifu, zamu ya msiba ilizunguka. Tulidhani tumemaliza.

Besi zilitangulia kwa mkokoteni. Tulichelewa, Afande akapuliza filimbi: “Mbio!” Watoto na vijana 22 wakakata kona wakikimbia, kila mmoja na fimbo mbili mkononi, bila ngoma hata moja kuonekana.

Sisi tunaokaa huku tunajua picha hiyo ina maana gani. Vijana wengi, wanakimbia, wana kitu mkononi. Milango ya maduka ilianza kushuka, krrr, krrr, mmoja baada ya mwingine mpaka mwisho wa barabara. Mama wa viazi karai aliacha karai motoni akaingia ndani ya nyumba ya watu. Bodaboda waligeuza. Afande alisimama katikati ya barabara, mikono juu, akipaza sauti “Ni watoto! Ni watoto wa ngoma!” na hakuna aliyebaki wa kumsikia.

Tulikwenda mlango kwa mlango. Viazi vilikuwa vimeungua vyote. Nikavilipa 400 kutoka mfukoni mwangu. Mama yule alicheka baadaye, si siku ile.

Sasa: mikwiro inakaa kwenye mfuko mmoja mpaka kila mtu amesimama nyuma ya ngoma yake. Hakuna kukimbia. Besi inaanza kulia kabla hatujakata kona yoyote, tusikike kabla ya kuonekana. Mbele wanatembea mama wawili na leso. Na tumenunua fulana za manjano 24 kwa 350, jumla 8,400, pesa ambayo Januari ningesema ni anasa.

Jumamosi, 23 Agosti

Mikanda ya kubebea. Kamba shingoni inakata, na ngoma inampiga mtoto magotini. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea fremu mbili za chuma kwa 1,900 kila moja. Nilizipima kwenye mizani ya misumari, karibu kilo tatu moja, kabla ya ngoma. Mvulana aliyeijaribu alirudi nyuma hatua mbili akakaa chini. 3,800 zimelala stoo.

Dawa ilikuwa dukani kwangu muda wote: bomba la plastiki la maji. Lijaze mchanga mkavu, ziba ncha, lipashe juu ya makaa pole pole (safari hii nilisimama hapo mwenyewe), linapinda kwenye mabega bila kubonyea. Chini ya mabega weka soli ya ndara kuukuu, ifunge kwa kitambaa. Mabomba 1,560, bolti na nati 840.

Kuhusu hatua: Wamarekani wanatembea hatua nane kwa yadi tano, yaani kama sentimita 57 kila hatua. Watoto wetu wa miaka tisa walikuwa wakiruka. Tumechora chokaa hatua mbili kwa mita, basi.

Jumamosi, 27 Septemba

Arusi ya kwanza ya kulipwa: 6,000, pamoja na pilau. Tulimsindikiza bwana arusi kama mita 600. Tulianza mapigo ya Afande, ya nne, tukafika nayo hadi kona ya msikiti, tukanyamaza hapo, tukapita kimya. Upande wa pili snea zilipoanza tena ilikuwa viazi karai, sijui nani aliamua. Mashangazi wa bwana arusi wakaingia katikati ya mstari na leso zao viunoni. Afande alikuwa mbele, hakugeuka nyuma hata mara moja, lakini nilimwona bega la kushoto.

Hesabu hadi leo: tumetumia 62,410. Zilizopotea kwa makosa ni 6,560: mvinje, pipa lililoyeyuka, fremu za chuma. Michango ya shilingi 50 kwa wiki imeleta 21,350, zawadi za watu 15,000, na 26,060 nimezikopa kwenye merigoraundi yangu, chama chetu cha kuchangiana. Hizo 6,000 za arusi zinaanza kulipunguza deni hilo.

Nyaya za snea mbili zimekatika kwa kutu licha ya mafuta. Chokaa ya uwanjani imefutwa na mvua, tunapima upya Jumamosi ijayo.